Maradhi ya Alama Nyekundu katika Maua ya Matunguu

(Maneno ya mazungumzo kwa wenye bustani)

Katika nyua nyingi za Kenya, mijini na mashambani, mna ua moja ambalo watu wengi hulijua kwa sura kuliko kwa jina. Majani yake ni marefu mfano wa ukanda mpana, nayo hutoka moja kwa moja ardhini. Wakati wake ufikapo, huchomoza bua nene lenye uwazi ndani, na juu ya bua hilo hufunguka maua makubwa mawili, matatu au manne, yaliyo mfano wa tarumbeta. Mengine mekundu, mengine meupe, na mengine yenye mistari. Ua hilo huitwa amarilisi. Asili yake ni Amerika ya Kusini, katika nchi kama Brazil, Peru na Bolivia, lakini limeukubali udongo wa Afrika Mashariki hata watu wengi hudhani kwamba ni la hapa hapa tangu zamani. Hupandwa mbele ya makanisa na shule, kando ya makaburi, na karibu na mlango wa nyumba ambapo mgeni hulikuta kabla hajapiga hodi.

Ua hili lina maradhi yake. Mwenye bustani huona alama ndogo nyekundu juu ya majani, naye hudhani kwamba ni rangi ya kawaida ya mmea au kwamba jua limeyachoma. Huziacha. Mvua ikizidi, alama hurefuka na kuungana. Jani hujikunja, hukauka kuanzia mahali penye alama, na mwisho hulala chini. Misimu miwili ikipita, tuta lililokuwa likisifiwa na wapita njia halitoi ua hata moja. Hapo ndipo mwenyewe huuliza kama kuna dawa, na mara nyingi huwa amekwisha kuchelewa.

TUNGUU NI GHALA

Haiwezekani kuyaelewa maradhi haya bila kwanza kulielewa tunguu lenyewe. Mtu akilikata tunguu la amarilisi katikati, ataona maganda manene yamefungamana, mfano wa kitunguu cha jikoni. Maganda hayo si kitu kingine ila ni vitako vya majani. Kila jani linaloonekana juu lina kitako chake chini ya ardhi; na jani likisha kuzeeka na kukauka, kitako hubaki kikiwa akiba ya mmea.

Jani hufanya kazi mchana kutwa. Kwa nguvu za mwanga wa jua hutengeneza chakula, na chakula hicho hushuka chini kikawekwa katika maganda. Basi tunguu ni ghala, na majani ndiyo yanayolijaza. Kwa kawaida, kila majani manne yakisha kuumbika, tunguu huumba ndani yake chipukizi moja la ua, nalo hukaa limefichwa kwa miezi mingi kabla ya kutokeza. Kwa sababu hiyo mtu aweza kusema kweli kwamba majani ya mwaka huu ndiyo maua ya mwaka ujao. Anayeyapoteza majani kwa ugonjwa, au anayeyakata yangali mabichi ili bustani ipendeze, huliacha ghala bila akiba. Na ghala tupu halitoi karamu.

Tena, kwa kuwa jani na ganda ni kitu kimoja, ugonjwa ulioshika jani hauna mto wa kuvuka ili uingie katika tunguu. Hushuka tu. Hiyo ndiyo sababu alama ndogo juu ya jani si jambo la kupuuzwa.

DALILI ZA UGONJWA

Maradhi haya huletwa na kuvu, yaani kiumbe kisicho mmea, kisicho na majani wala maua, kiishicho kwa kula miili ya mimea. Katika vitabu vya zamani vya wataalamu kuvu hii huitwa Stagonospora curtisii. Haishiki amarilisi peke yake. Hushika pia mimea mingine kadha wa kadha ya ukoo huo wenye matunguu.

Dalili yake ya kwanza ni vidoa vyekundu, au vyekundu vyenye weusi kidogo, juu ya majani, juu ya mabua ya maua, na juu ya maganda ya tunguu. Doa likikua huwa refu, hubonyea katikati, na hukauka. Likiwa upande mmoja wa jani au bua, upande huo huacha kukua na ule wa pili huendelea; ndipo jani au bua hupinda mahali pale pale penye doa. Bua lililopinda hivyo aghalabu huvunjika kwa uzito wa maua yake.

Lakini yafaa ieleweke kwamba si kila wekundu ni kuvu. Mmea wa amarilisi hutoa rangi nyekundu kila ujeruhiwapo, hata ukikwaruzwa na ukucha. Wako pia wadudu wadogo mno, wasioonekana kwa macho matupu, wakaao kati ya maganda na kuyanyonya. Nao huacha michirizi myekundu kandokando ya majani, na kuyapotosha majani tangu yanapotoka. Dawa ya kuvu haiwadhuru wadudu hao. Kadhalika, jani lenye michirizi ya manjano iliyochanganyika na kijani, bila doa lililokauka, huenda lina ugonjwa wa virusi, ambao hauna dawa. Mmea huo hung'olewa na kuteketezwa ili usiambukize mingine. Na jani la chini kabisa linalogeuka manjano lote polepole mara nyingi halina ugonjwa wowote, bali limezeeka. Mwenye shaka na amwonyeshe afisa wa kilimo wa karibu jani lenyewe, kabla ya kutumia fedha kununua dawa.

UGONJWA HUSAFIRI KWA MAJI NA KWA MIKONO

Ndani ya sehemu ya jani iliyokufa, kuvu hufanya vifuko vidogo vyeusi, na katika vifuko hivyo mna vijimbegu visivyohesabika. Vifuko vikilowa, vijimbegu hutoka nje. Tone la mvua likianguka juu yake hurushia vijimbegu hivyo kwenye jani la jirani. Vikikuta jani hilo limelowa, na likakaa limelowa kwa saa nyingi, huota na kuingia ndani. Vikikuta jani kavu, havipati nafasi. Hii ndiyo siri ya maradhi haya: bila maji juu ya jani, hayaenei.

Njia ya pili ni mikono ya watu. Na uchukuliwe mfano wa majirani wawili. Mmoja ana tuta zuri la amarilisi, mwingine analitamani. Wa kwanza, kwa wema wake, anachimba matunguu machanga matatu yaliyozaliwa pembeni mwa tunguu kubwa, anayafunga katika jani la mgomba na kumpelekea mwenzake. Hakuna aliyeyachunguza maganda. Chini ya ganda la nje la moja kati ya hayo mna doa jekundu lenye ukubwa wa punje ya mtama. Yule jirani anayapanda kwa furaha kati ya matunguu aliyoachiwa na mama yake. Mvua za masika zinaponyesha, ugonjwa unatoka katika zawadi na kuingia katika urithi. Hakuna aliyekusudia ubaya, wala hakuna mwizi aliyepita usiku; hata hivyo tuta la miaka mingi limeharibika.

Hasara ya namna hii hairudishwi upesi. Amarilisi iliyopandwa kwa mbegu huchukua kama miaka mitatu au minne kabla ya kutoa ua la kwanza. Tena mmea wa mbegu hautoi ua lililo sawasawa na la mzazi wake. Kwa hiyo mtu akipoteza aina aliyoipenda, hawezi kuipata tena ila kwa tunguu la aina ile ile. Basi mwenye kutoa zawadi ya tunguu na alichunguze kwanza, na mwenye kupokea asione haya kulichunguza tena. Tunguu geni na lipandwe peke yake katika chungu, mbali na mengine, mpaka limetoa majani safi msimu mmoja mzima.

KINGA ISIYOGHARIMU FEDHA

Sehemu kubwa ya kinga ni kazi ya mkono, wala haihitaji dawa ya dukani.

Kwanza, maji yamiminwe chini ya mmea, katika udongo, yasimwagwe juu ya majani. Tena yamiminwe asubuhi, ili rasharasha yoyote iliyoruka ikauke mapema kwa jua. Anayenyunyiza maji juu ya majani jioni huyalaza yamelowa usiku kucha, na hiyo ni karamu ya kuvu.

Pili, mimea isisongamane. Nafasi ya sentimita 30 kati ya tunguu na tunguu hupitisha upepo, na upepo hukausha majani. Tuta liinuliwe kidogo ili maji yasituame, na theluthi moja ya tunguu, upande wa shingo, iachwe juu ya ardhi.

Tatu, jani lenye doa likatwe mara lionekanapo. Ikiwa doa ni la ncha tu, ikatwe ncha pamoja na sehemu nzima kidogo iliyo chini yake. Ikiwa limeshika jani zima, likatwe jani zima. Kazi hiyo ifanywe siku kavu, kwani kushikashika majani yaliyolowa ni kuugawa ugonjwa kwa mikono. Kisu kifutwe kwa spiriti, au kitiwe katika maji yanayochemka, kila mtu anapotoka mmea mmoja kwenda mwingine.

Nne, majani yaliyokatwa yachomwe moto au yazikwe mbali. Yasitupwe kando ya tuta, wala yasitiwe katika shimo la mboji, kwa maana kuvu huishi katika jani lililokufa na kungojea mvua ijayo.

Tano, mahali palipopatwa na ugonjwa pasipandwe tena matunguu ya ukoo huo kwa miaka kadhaa. Papandwe kitu kingine kisichoshikwa na kuvu hii, kama vile maharagwe au mboga za majani.

DAWA YA MRUTUTU NA CHOKAA

Pale ambapo mvua ni nyingi na ugonjwa umekwisha kuonekana, kazi ya mkono yaweza kusaidiwa na dawa. Mojawapo ya dawa za zamani ni mchanganyiko wa mrututu na chokaa. Habari yake ni ya ajabu kidogo. Katika wilaya ya Bordeaux, nchini Ufaransa, wakulima wa zabibu walikuwa na desturi ya kuipaka mizabibu ya kando ya njia mrututu na chokaa, ili wapita njia waone ile rangi na kuogopa kuiba zabibu. Mwaka 1882 mtaalamu wa mimea, Alexis Millardet, aliona kwamba mizabibu hiyo ilibakiza majani yake wakati mingine ilipopukutika kwa ugonjwa. Akafanya majaribio, na mwaka 1885 akaitangaza dawa hiyo kwa ulimwengu. Mkulima wa kahawa wa Kenya anazijua dawa za shaba, kwani zimetumika miaka mingi kupigana na ugonjwa wa matunda ya kahawa, ambao ulitambuliwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1922.

Kwa lita 10 za dawa huhitajiwa gramu 100 za mrututu na gramu 100 za chokaa isiyozimwa. Mrututu huyeyushwa katika nusu ya maji, katika chombo cha plastiki, cha mti au cha udongo. Debe la bati halifai, kwa sababu mrututu hula chuma. Chokaa huzimwa pole pole kwa maji kidogo katika chombo cha pili, na mtu aangalie macho yake, maana chokaa inayozimwa huchemka na kuruka. Kisha maji yaliyobaki huongezwa. Hatimaye maji ya mrututu humiminwa ndani ya maji ya chokaa huku yakikorogwa, na mchanganyiko huchujwa kwa kitambaa.

Kabla ya kuitumia, msumari safi wa chuma utumbukizwe ndani kwa dakika chache. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, dawa ni kali na itaunguza majani. Iongezwe chokaa, kisha msumari ujaribiwe tena. Dawa itumike siku ile ile ilipochanganywa. Ni vema kuijaribu kwanza juu ya majani mawili matatu, kwani majani machanga huweza kuungua wakati wa baridi na unyevu.

Neno moja ni la kukumbukwa sana: dawa hii huzuia, haiponyi. Hukaa juu ya jani zima kama mlinzi mlangoni, ikakiua kijimbegu kabla hakijaingia. Doa lililokwisha kuingia haliwezi kufutwa. Kwa hiyo kwanza hukatwa majani yenye ugonjwa, ndipo mazima hunyunyiziwa, juu na chini; na kazi hiyo hurudiwa kila siku 10 hadi 14 muda wote wa mvua. Anayenyunyizia dawa tuta lililojaa majani yaliyooza huitupa fedha yake.

Wenye kutaka dawa iliyotengenezwa kiwandani wanunue ile iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1982, wakafuate kipimo kilichoandikwa juu ya chombo chake.

TUNGUU LILILOKWISHA KUINGIWA

Ugonjwa ukirudi kila mwaka, matunguu yang'olewe wakati wa kiangazi, majani yanapokuwa machache. Udongo usuguliwe, mizizi iliyokufa ikatwe, na maganda makavu ya nje yabanduliwe moja moja. Ganda lenye doa jekundu liondolewe, hata likiwa nene na lenye maji, mpaka lionekane ganda jeupe lililo safi. Kisha tunguu lianikwe kivulini, penye upepo, siku kadhaa mpaka vidonda vikauke, ndipo lipandwe katika udongo mpya. Kama wekundu umefika mpaka moyoni, au kitako ni laini na kinanuka, tunguu hilo halifai, lichomwe moto. Ni vigumu kuteketeza kitu kilichopendwa, lakini tunguu moja lililohurumiwa laweza kuua tuta zima.

MAUA YA KUUZA

Haya yote hayawahusu wenye bustani za nyumbani peke yao. Wakulima wadogo wa nyanda za juu za Kenya hupanda maua ya arabikamu na tuberozi kwa ajili ya soko, nao wanajua kwamba bua lenye madoa hurudishwa. Kuvu za maua hayo si zile zile za amarilisi. Yungiyungi katika sehemu zenye baridi na ukungu hushikwa na kuvu ya kijivu, iletayo madoa ya hudhurungi yenye umbo la yai, nayo hupanda kutoka majani ya chini kwenda ya juu. Gladiolasi hushikwa na kutu, yaani vipele vya rangi ya chungwa vilivyojipanga kukata upana wa jani, ambavyo vikiguswa huacha unga kidoleni. Majina ni mbalimbali, lakini kanuni ni moja: jani kavu, nafasi ya kutosha, kisu safi, na mbegu isiyo na ugonjwa.

Kwa hiyo pia haifai kuleta matunguu kutoka nchi za nje yakiwa yamefichwa katika sanduku la safari. Sheria inataka kibali cha shirika la KEPHIS, linalokagua mimea iingiayo nchini. Kibali hicho si usumbufu wa bure. Ni kile kile kitendo cha jirani kulichunguza tunguu la zawadi, ila hufanywa kwa ajili ya nchi nzima.

HADHARI

Tunguu la amarilisi hufanana na kitunguu cha jikoni, lakini ni sumu. Mwenye kulila hutapika na kuharisha, na mtoto aweza kudhurika sana. Lisiwekwe kamwe katika kapu la vyakula. Avaaye glavu anapolimenya hufanya vema, kwani maji yake huwasha ngozi za watu wengine. Mrututu nao ni sumu. Uwekwe katika chombo kilichoandikwa jina, mahali ambapo watoto hawafiki, wala mabaki ya dawa yasimwagwe kijitoni au katika bwawa la samaki, maana shaba huwaua samaki.

Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika maua ya matunguu, ufa wenyewe ni kidoa chekundu kisichozidi punje ya mtama, na kuuziba ni kazi ya dakika moja kwa kisu safi. Mwenye bustani atakayepita katika tuta lake kila wiki wakati wa mvua, akageuza majani na kuyatazama chini na juu, atakuwa amekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi. Naye atakapompa jirani tunguu, atampa ua, wala hatampa ugonjwa.